Margaret Dayhoff, Mama wa Hifadhi za Protini

Mwaka huu mlezi wa chama alimtaka kila mwandishi alete maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi wamekimbilia wapigania uhuru na malenga, na si vibaya. Mimi nimemchagua Margaret Dayhoff, mwanamke Mmarekani aliyefariki mwaka 1983, miaka mingi kabla sijazaliwa. Huenda mkashangaa msichana wa kidato cha tatu, tena wa shule ya kutwa huku Ukambani, ana uhusiano gani na mtu kama huyo. Uhusiano upo, nao ulianzia kwenye pakiti ya karanga.

Nina mdogo wangu wa kiume mwenye miaka saba. Mwaka juzi, siku ya soko, mama alimnunulia karanga za kukaanga. Hatukuwa tumefika mbali nikaona midomo inamvimba. Mwili ukamtoka mabaka kama mtu aliyepita kwenye upupu, kisha akaanza kukoroma kifuani kama paka. Lo! Tulipanda bodaboda sisi watatu, dereva wa nne, tukafika zahanati akiwa analegea. Alidungwa sindano, na baada ya muda akafungua macho akaitisha maji. Muuguzi alimweleza mama kuwa ule ulikuwa mzio, yaani mwili wa mtoto umeichukulia karanga kuwa ni adui na kupigana nayo kupita kiasi. Akaonya kuwa mtoto asionje karanga tena.

Nyumbani maneno yalikuwa mengi. Jirani alisema mtoto karogwa. Susu, yaani nyanya yetu mzaa mama anayeishi ng'ambo ya Mto Athi upande wa Kitui, hakutaka kusikia habari za uchawi, lakini naye alitoa amri yake. Ati kwa kuwa karanga ni ndugu ya kunde, mbaazi, maharagwe na ndengu, mtoto asile hata kimoja kati ya hivyo. Sasa, yeyote anayeijua Kitui na Makueni anajua uzito wa amri kama hiyo. Mvua ikikatika mapema mahindi hunyauka, na ni ndengu, kunde na mbaazi zinazotufikisha msimu mwingine. Nyama kwetu ni ya Krismasi. Kwa karibu miezi mitatu mdogo wangu alikuwa akipikiwa muthokoi wa mahindi matupu huku sisi tukila wenye maharagwe. Alilia kila jioni. Alikonda hadi kaptura yake ya shule ikawa inafungwa kwa kamba.

Ndipo nikamwendea mwalimu wetu wa Biolojia, nikamwuliza kama ni kweli kuwa anayedhuriwa na karanga hudhuriwa na ndengu pia. Hakunijibu ndiyo wala la. Saa ya chakula cha mchana alinipeleka chumba cha kompyuta akafungua hifadhi ya protini katika mtandao. Nilichoona ni safu za herufi kubwa zisizo na nafasi kati yake, kama kwamba mtu amelala juu ya taipureta. Nikauliza ni nani aliyepata wazo la kuandika chakula kwa herufi. Jibu lake lilikuwa jina la mama huyu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari zake kila nipatapo nafasi.

Margaret Belle Oakley alizaliwa tarehe 11 Machi 1925 katika mji wa Philadelphia. Baba yake alikuwa na biashara ndogo, na mama yake alikuwa mwalimu wa Hisabati wa shule ya sekondari. Alipokuwa na miaka kumi, jamaa yao ilihamia New York. Huko alisoma Bayside High School, na mwaka 1942 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake. Alipata msaada wa karo akaingia chuo cha Washington Square cha New York University, wakati dunia ikiwa katika Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1945 alihitimu katika Hisabati kwa daraja la juu. Wasichana wenzangu mnaoikimbia Hisabati mkidai ni ya wavulana, hebu tueni mizigo hapo kidogo mtafakari.

Kutoka hapo alikwenda Columbia University kusomea Kemia, na mwaka 1948 akapata shahada ya uzamifu. Kazi yake ilihusu nguvu zinazoshikilia molekuli, na ilidai hesabu ndefu ajabu. Siku hizo hakukuwa na kompyuta kama hizi zetu. Kulikuwa na mashine kubwa za kadi zilizotobolewa matundu, ambazo makampuni yalizitumia kwa hesabu za biashara. Margaret alizichukua mashine hizo za biashara akazifanyisha hesabu za kemia. Mimi naona hapo ndipo ujanja wake ulipojitokeza. Aliona chombo cha kazi moja akakiingiza kwenye kazi nyingine, kama vile mama zetu wanavyolifanya debe la mafuta kuwa kipimo cha ndengu.

Mwaka huo huo wa 1948 aliolewa na Edward Dayhoff, mwanafizikia, na hilo ndilo jina tunalomjua kwalo. Alifanya utafiti katika Rockefeller Institute hadi mwaka 1951. Kisha wakajaliwa mabinti wawili, naye akapunguza kazi za nje kwa miaka kadhaa ili awalee. Malezi hayo yalimgharimu. Baadaye aliwahi kunyimwa fedha za utafiti kwa hoja kwamba amekaa mbali na uwanja huo kwa muda mrefu. Nadhani mama wengi, hata huku kwetu, wanalijua hilo pigo. Lakini yeye hakukata tamaa. Mwaka 1960 alijiunga na shirika la National Biomedical Research Foundation, karibu na Washington, lililoongozwa na Robert Ledley, daktari wa meno aliyekuwa pia mtaalamu wa kompyuta. Hapo ndipo alipofanyia kazi iliyompa jina.

Kabla sijaendelea, niieleze protini kidogo, maana si wote tunaopenda Biolojia. Protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Kila ushanga ni asidi amino, na aina za shanga zinazotumika kwa kawaida ni 20 tu. Mpangilio wa shanga hizo ndio unaoamua kama protini itakuwa ya nywele, ya damu, ya sumu ya nyuki au ya punje ya karanga. Ukibadilisha ushanga mmoja tu mambo yanaweza kuharibika: ugonjwa wa selimundu unatokana na asidi amino moja iliyokaa mahali pa nyingine katika protini ya damu. Mwingereza Frederick Sanger alikuwa wa kwanza kusoma mpangilio wa protini nzima. Ilikuwa insulini, yenye asidi amino 51, na kazi hiyo iliyokamilika mwaka 1955 ilimchukua kama miaka kumi.

Shida ilikuwa hii. Protini haikuweza kusomwa yote kwa mara moja. Wanasayansi waliikata vipande vidogo, wakasoma kila kipande, kisha wakakuna vichwa wakitafuta kipi kinafuata kipi. Nitatoa mfano wa nyumbani. Tuseme mbuzi amerarua karatasi yenye neno MUTHOKOI, yamebaki MUT, HOK na OI, lakini hujui mfuatano wake. Ukipata karatasi ya pili yenye neno lile lile, iliyoraruliwa kwa namna nyingine ikawa MU, THO na KOI, basi umeokoka. THO inakuonyesha kuwa MUT hufuatwa na HOK, na KOI inakuonyesha kuwa HOK hufuatwa na OI. Kwa vipande vitatu ni mchezo. Kwa vipande mia ni maumivu ya kichwa. Mwaka 1962 Dayhoff na Ledley walitoa programu iliyoitwa COMPROTEIN, iliyotumia kompyuta ya IBM 7090 kuviunga vipande hivyo. Kazi ambayo ingemla mtu miezi, mashine iliweza kuifanya kwa dakika chache.

Lakini kuunga vipande hakukutosha. Habari za protini zilikuwa zimetawanyika katika majarida ya nchi mbalimbali, kila mtaalamu na kibuyu chake. Dayhoff na wenzake walianza kuzikusanya moja moja, kuzikagua makosa na kuzitia katika kadi za kompyuta. Mwaka 1965 wakachapisha kitabu kilichoitwa Atlas of Protein Sequence and Structure, yaani atlasi ya protini. Toleo hilo la kwanza lilikuwa na protini 65 tu. Zote zilizojulikana ziliweza kuingia katika kitabu kimoja chembamba! Matoleo yaliyofuata yalizidi kunenepa mwaka baada ya mwaka. Hiyo atlasi ndiyo bibi wa hifadhi zote za protini tunazozifungua leo katika mtandao.

Hapo pia ndipo zilipotokea zile herufi zilizonishangaza. Wanakemia walikuwa wakiandika kila asidi amino kwa herufi tatu. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo Dayhoff akaipa kila moja herufi moja. Alanini ikawa A, glisini G, lisini K, na mambo yakaendelea hivyo. Mimi na rafiki yangu tulijaribu kuandika maneno yetu kwa herufi hizo. KITUI na MAKUENI hayaandikiki, maana U haimo katika zile 20. NDENGU na KUNDE nayo yamekataa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini ASALI inaandikika, MAHINDI yanaandikika, na KARANGA inaandikika yote: lisini, alanini, ajinini, alanini, asparajini, glisini, alanini. Tulicheka, kisha nikamkumbuka mdogo wangu nikanyamaza.

Dayhoff hakuishia kupanga tu kama karani wa stoo. Aliuliza protini hizi zina udugu gani. Mwaka 1966, yeye na Richard Eck walionyesha kuwa protini moja ya zamani sana, feredoksini, ilikua kwa kujirudia kutoka kwenye kipande kifupi. Walitumia kompyuta pia kuchora miti ya ukoo wa viumbe kwa kulinganisha protini zao. Alishirikiana hata na mwanaastronomia Carl Sagan kupiga hesabu za gesi zilizozunguka sayari kama Zuhura. Kisha mwaka 1978 yeye na wenzake walitoa jedwali linaloonyesha ni asidi amino zipi hubadilishana kwa urahisi na zipi kwa nadra. Ili kulipata walihesabu mabadiliko 1,572 katika vikundi 71 vya protini zinazokaribiana. Kwa jedwali hilo mtu huweza kuweka protini mbili kando kwa kando na kupima zinafanana kiasi gani. Naomba mlikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

Wahenga walinena kuwa hakuna masika yasiyo na mbu. Kazi hii nayo ilikuwa na mbu wake. Atlasi iliuzwa, kwa kuwa shirika lilihitaji fedha za kuiendeleza, na baadhi ya wanasayansi walinung'unika kwamba wao wanatoa matokeo yao bure halafu wanauziwa. Mwaka 1982, serikali ya Marekani ilipotafuta mahali pa kuweka hifadhi ya taifa ya mfuatano wa DNA, kazi hiyo haikupewa kundi lake bali ilikwenda Los Alamos, kwa mpango wa kuwaachia watu wote data bila vikwazo. Nimejiuliza nani alikuwa na haki. Naona kila upande ulikuwa na hoja. Mkusanyaji naye hula, lakini elimu ikifungiwa kabatini, mtoto wa Makueni ataifikia lini?

Hata hivyo, Dayhoff alikuwa ameanza kuifungua kabati mwenyewe. Mwaka 1980 shirika lake lilianza kuwaruhusu wanasayansi waliokuwa mbali kuingia katika hifadhi yake kwa njia ya simu. Huo ulikuwa mtandao kabla ya huu wetu. Wenzake walimheshimu pia. Katika Biophysical Society, chama cha wanabiofizikia, alikuwa katibu kisha rais. Tarehe 5 Februari 1983 alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 57. Siku chache tu kabla ya hapo alikuwa amepeleka ombi la fedha za kuanzisha hifadhi kubwa ya protini itakayowafikia watu kwa kompyuta. Hakuiona. Wenzake waliisimamisha mwaka 1984, na mwaka 2002 iliungana na hifadhi za Ulaya zikawa UniProt, ambayo yeyote huifungua bila kulipa. Kutoka protini 65 tumefika mamilioni mengi. Chama chake nacho hutoa tuzo yenye jina lake kwa wanasayansi wanawake wanaochipukia.

Sasa turudi nyumbani. Baada ya Dayhoff, wataalamu walitenga hifadhi maalumu za protini zinazoleta mzio. Iko orodha rasmi ya majina, chini ya Shirika la Afya Duniani na muungano wa wataalamu wa kinga, yenye protini zaidi ya 1,000. Kuyasoma majina yake ni rahisi ukijua jina la kisayansi la kiumbe. Chukua herufi tatu za jina la kwanza, moja ya jina la pili, kisha nambari. Karanga ni Arachis hypogaea, basi protini zake ni Ara h 1, Ara h 2 na kuendelea. Nyuki wetu wa mizinga ni Apis mellifera, na moja ya protini za sumu yake ni Api m 1. Ndengu, ambayo ni Vigna radiata, nayo imo: Vig r 1, Vig r 2 na nyinginezo.

Hifadhi hizi si za kujifurahisha. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walieleza jinsi soya iliyotiwa jeni ya njugu za Brazil ilivyobeba pia protini inayoleta mzio, na mmea huo haukuuzwa. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2003 inataka protini mpya ya zao lililobadilishwa jeni ilinganishwe na zile zilizo katika orodha. Ikifanana na mojawapo kwa zaidi ya asilimia 35 katika kipande cha asidi amino 80, ni lazima ichunguzwe zaidi.

Mwalimu aliniachia nilinganishe mwenyewe Ara h 1 ya karanga na Vig r 2 ya ndengu. Kompyuta ikazipanga herufi mstari juu ya mstari, na zikafanana mahali pengi, kupita kile kiwango cha 35. Moyo ulinipasuka. Kumbe Susu alikuwa amesema kweli! Karanga na ndengu ni ndugu hata ndani ya protini. Lakini mwalimu akanizuia nisikimbie na habari nusu. Alinieleza kuwa kufanana kwa herufi ni onyo, si hukumu. Ndugu wawili huweza kufanana sura, mmoja akawa mwizi na mwingine mzee wa kanisa. Watu wengi wenye mzio wa karanga hula jamii nyingine za kunde bila shida, na wachache hudhurika. Anayeweza kuamua ni daktari akimtazama mtoto mwenyewe, si mashine. Tena akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza nyumbani: je, kabla ya siku ile mtoto alikuwa akila ndengu? Alikuwa akizila tangu alipoachishwa ziwa, wala hajawahi hata kujikuna.

Nilimweleza mama, naye akauza kuku wawili tukapata nauli na pesa za hospitali. Daktari alisikiliza historia yote, kisha akampa mdogo wangu ndengu kidogo kidogo pale pale hospitalini, dawa ikiwa tayari, akamwangalia kwa saa kadhaa. Hakuvimba. Wiki zilizofuata aliruhusiwa kunde na maharagwe kwa utaratibu huo huo. Karanga zimebaki mwiko, na hata shuleni mwalimu wake anajua. Nawaonya wenzangu wenye ndugu kama huyu msijaribu mambo haya jikoni kwenu, mwendeeni daktari. Susu alipopata habari hakukubali kuwa alikosea. Alileta tu debe la ndengu kutoka Kitui, akasema la mtoto, na likaliwa lote.

Ninapomfikiria Margaret Dayhoff, huwa simwoni na kompyuta kubwa. Namwona akikaa mezani na majarida, akinakili herufi moja baada ya nyingine na kurudia kuzikagua, bila kujua nani atakuja kuzihitaji. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake kimefika hadi chungu chetu. Nami nikijaliwa kufaulu mtihani wa kidato cha nne, ningependa kusomea elimu hii, maana vyakula vya Ukambani vina mengi ambayo bado hayajaandikwa katika hifadhi hizo. Kwa sasa nakomea hapo, naenda kumsaidia mama kupepeta ndengu. Wasalaam.